Santuri za Zamani na Haki ya Kukumbuka

Mjini Sumbawanga, katika nyumba ya mzee mmoja ambaye jina lake halihitajiwi hapa, lipo sanduku la mbao chini ya kitanda. Ndani yake mna santuri za miaka ya 1960 na 1970, kila moja imefungwa katika karatasi ya gazeti, pamoja na kaseti ambazo tepu zake zimekwisha kukunjamana. Jumapili jioni huja kwake wenzake wanne watano wa rika lake, wamevaa makoti mazito, maana upepo wa Ufipa mwezi wa Julai hauna huruma. Kila mmoja huleta alichobaki nacho: huyu picha ya bendi, yule santuri aliyoinunua Mbala, upande wa Zambia, mwingine tiketi ya dansi iliyofifia hata haisomeki. Husikiliza, hubishana ni nani aliyepiga gitaa, hucheka. Nami nimealikwa mara mbili. Nilizaliwa baada ya nyimbo hizo zote, basi kazi yangu ilikuwa kunywa chai na kunyamaza.

Wanayempenda zaidi ni Mbaraka Mwinshehe, yule wa Morogoro Jazz aliyekwenda na bendi yake hadi Osaka, Japani, kwenye maonyesho makubwa ya mwaka 1970, kisha akaunda Super Volcano, akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi wa Januari 1979. Lakini kwa kuwa Zambia ni jirani yetu wa karibu kuliko Dar es Salaam, sandukuni mna pia roki ya Kizambia, yenye magitaa ya kunguruma. Bendi yake mashuhuri iliitwa WITCH, yaani mchawi, jina lisilofaa sana katika mji ambao wengi husimulia kwamba maana ya jina lake ni “tupa uchawi”. Wenyewe walieleza kwamba herufi hizo ni ufupisho wa maneno yasemayo kwamba wanakusudia kuleta ghasia. Sijui kama hilo latutuliza.

Siku ile ya pili, santuri ya Mbaraka ilipoanza kuzunguka, mama mwenye nyumba aliweka birika mezani akatoka nje. Nilimkuta uani akichambua maharage. Nikamwuliza, “Mama, wimbo huu haukupendezi?” Akajibu, “Wimbo ni mzuri, Padre. Lakini mwaka wa 1976, walipokuwa wakiucheza, fedha ya mahindi yetu iliishia mlangoni pa dansi, nami nilibaki hapa na mtoto mwenye homa.” Hakusema kwa hasira. Akaendelea kuchambua. “Ukitaka mwambie. Mimi sijapata kumwambia.”

Tangu siku hiyo swali hili halijaniacha: Je, mtu anayo haki ya kuzikumbuka siku zake kwa uzuri wake tu?

Wako watakaojibu upesi kwamba wazee hawa wajidanganya. Watatukumbusha kwamba miaka ile ilikuwa ya Operesheni Vijiji, watu wakihamishwa na kuacha mashamba yao. Kwamba vita vya Kagera vilikuja mwaka 1978, na baada yake sabuni, sukari na nguo zikawa vitu vya kupangiwa foleni. Hayo yote ni kweli, lakini jibu hilo silikubali. Furaha ya mtu aliyecheza dansi akiwa na shati moja tu ilikuwa furaha halisi. Tukimnyang'anya hiyo, twamwambia kwamba maskini hana ruhusa ya kukumbuka neno lolote ila taabu yake. Mtakatifu Augustino, katika kitabu cha kumi cha Maungamo, alistaajabu kwamba mtu aweza kukumbuka huzuni iliyopita huku akifurahi, na furaha iliyopita huku akihuzunika. Hakuliita jambo hilo uongo. Aliona ndivyo kumbukumbu ilivyo.

Ugumu, basi, hauko katika furaha ya mzee. Uko katika kwamba wimbo mmoja una wenyewe wengi, na sanduku lina ufunguo mmoja.

Tazameni yaliyowapata wale Wazambia. Bei ya shaba ilipoanguka katikati ya miaka ya 1970, nchi iliingia katika dhiki, na bendi zikafifia. Baadaye wengi wa wanamuziki wale walifariki, wengine kwa UKIMWI. Mwimbaji wa WITCH, Emmanuel Chanda, aliyeitwa Jagari kwa kumfuata Mick Jagger wa Uingereza, aliishia kuchimba vito ardhini. Wakati huohuo wapenzi wa muziki Ulaya na Marekani walikuwa wakinunuliana santuri zao za kwanza kwa fedha nyingi. Kila aliyeuza alikuwa akiuza ujana wa mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa hai, ana njaa. Yafaa niseme pia kwamba santuri hizo zilipotolewa upya, Jagari alitafutwa, akaimba tena ng'ambo akiwa mzee, na mwaka 2023 bendi ikatoa nyimbo mpya. Hao waliomtafuta walifanya kumbukumbu yao kuwa deni. Wanamuziki wetu wengi hawakutafutwa na mtu. Nchi yetu haikuwa na kiwanda cha santuri. Bendi zilirekodiwa na Radio Tanzania au zilisafiri hadi Nairobi, na jina la mpiga gitaa mara nyingi halikuandikwa popote. Ndiyo maana siyacheki mabishano ya wazee wale. Wakibishana hata wakampata, wamemlipa sehemu ya haki yake.

Lakini mpiga gitaa atafutwa, na mama aliye uani hatafutwi. Yeye naye alikuwako mwaka ule. Alilipia dansi ile kuliko waliocheza.

Wiki iliyofuata nilimwambia mzee, kama nilivyoruhusiwa. Alikuwa akiipangusa santuri kwa kitambaa. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakujua kwamba mkewe aukumbuka mwaka ule. Wameoana tangu 1971. Akairudisha santuri katika karatasi yake, akatoka kwenda uani, nami nikachukua kofia yangu.