Hanania na Mabomba ya Nakivale

Katika hesabu za maji kuna herufi moja ambayo mhandisi hana kifaa cha kuipimia. Ukitaka kujua bomba liwe na kipenyo gani, unachukua idadi ya watu wa leo, unaikuza kwa kasi ya ongezeko lao kwa miaka n, unapata watu watakaokunywa maji hayo mwishoni. Watu wanahesabika. Kasi inasomwa kwenye takwimu. Hiyo n unaichagua mwenyewe. Kwa mabomba ya kawaida tunafundishwa tuweke 20. Nilipochora mtandao wa maji wa kijiji kimoja cha Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, mradi wa darasani wenye watu 5,000 wa kufikirika, msimamizi alipitia karatasi yangu, akaizungushia ile 20 duara, akauliza: "Kwani hawa si wakimbizi? Weka tano. Hata mbili zinatosha."

Hakusema kwa ubaya. Mama yangu naye angeweka mbili. Tangu tufike kutoka Uvira, Kongo, nikiwa mdogo, shambani kwake ni maharage, mahindi na viazi vitamu, vitu vinavyovunwa msimu ukiisha. Mti wa matunda hataki kuusikia. "Tuko njiani," ndivyo anavyosema. Kanisani nako tunahubiriwa kwamba dunia tunapita tu, na kwa mkimbizi neno hilo linaingia mara mbili. Wasomali wenye maduka pale Base Camp ya Nakivale nao wamefundishwa na Mtume wao kukaa duniani kama mgeni au mpita njia. Sibishani na mafundisho hayo. Nauliza tu: yakifika kwenye karatasi ya usanifu, ndiyo yatoe bomba jembamba?

Nakivale ilianza mwaka 1958, kwa kuwapokea Wanyarwanda. Ni kongwe kuliko uhuru wa Uganda. Kila kundi lililofuata, Wakongomani, Warundi, Wasomali, Waethiopia, limefika likiambiwa na likijiambia kwamba ni kwa muda.

Anayenisaidia hapa ni Yeremia, ingawa wahubiri wetu humtumia zaidi kwa machozi. Baadhi ya watu wa Yuda walipokuwa wamepelekwa Babeli, nabii mmoja aitwaye Hanania alisimama hekaluni akatangaza kwamba ndani ya miaka miwili kila kitu kitarudi: vyombo, mfalme, wafungwa. Yeremia akawaandikia waliohamishwa barua yenye hesabu nyingine: miaka 70. Wajenge nyumba, wapande bustani, waoe, wazae, wauombee amani mji waliopelekwa. Nikiisoma kama mwanafunzi wa uhandisi naona wote wawili waliahidi kurudi. Hawakutofautiana kuhusu tumaini, walitofautiana kuhusu n. Na Hanania, aliyeitaja ndogo, ndiye Biblia inayemwita mwongo. Miaka 70 ya Nakivale, ukihesabu tangu 1958, inatimia 2028.

Hanania tunaye bado, na hana nia mbaya. Januari 2025 Marekani iliposimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, kwenye mtaa wetu kulikuwa na watu waliokuwa wameacha hata kuziba paa linalovuja, maana mchakato wao ulikuwa umefika mwisho na kilichobaki ni tarehe ya ndege. Walikuwa wamekaa juu ya mabegi.

Mafunzo yangu ya kwanza ya vitendo niliyafanya kwenye karakana ya kuchomelea vyuma Mbarara mjini. Fundi mkuu, Mnyankole wa makamo, alikuwa na swali moja kwa kila mteja wa geti au stendi ya tangi, kwa Kiswahili chake cha stendi ya magari: "Ni ya kupanga ama ni yako?" Ukisema ya kupanga, alichukua chuma chembamba na rangi mkono mmoja. Ukisema ni yangu, alisugua kutu kwa brashi ya waya, akapaka rangi ya kuzuia kutu kwanza, akaacha ikauke hadi kesho yake. Siku moja alikuja mzee Msomali wa Nakivale kuagiza mlango wa duka. Akaulizwa lile swali. Ardhi ya Nakivale kwa sheria si yake, tunapewa kuitumia, hatuuzi wala hatumiliki. Mzee akaangalia vile vyuma vilivyoegemezwa ukutani, akakunja kidole akagonga kimoja kisha kingine, akasema: "Weka kile kinene." Swali lenyewe hakulijibu.

Mafunzo ya pili yalikuwa kwenye Ziwa Nakivale, kwenye mtambo wa maji. Kila asubuhi tunapanga bika sita za maji ya ziwa, ya kijani na tope, tunatia shabu kwa vipimo tofauti, tunakoroga kwa nguvu dakika moja, halafu polepole kwa dakika kama 20, tunaacha. Bika moja inabaki kama uji. Nyingine inaanza kutoa vinyweleo vyeupe vinavyoshikana, vinakuwa mabonge, vinazama, na juu maji yanang'aa. Kipimo hicho ndicho cha siku hiyo. Mvua ikinyesha usiku, kesho unaanza upya. Kazi hiyo n yake ni siku moja, na atakayeidharau kwa sababu ya mipango ya miaka 20 atawanywesha watu matope.

Kwa hiyo msimamizi wangu alikuwa na hoja, tena nzito kuliko alivyoisema. Watu 5,000 wakiongezeka kwa asilimia 3 kwa mwaka, baada ya miaka miwili ni kama 5,300, baada ya 20 ni kama 9,000. Kwa lita 20 kwa mtu, ni tofauti ya lita 106,000 na 180,000 kwa siku. Fedha ni zilezile. Nikimjengea mtoto atakayezaliwa 2040, je, namnyang'anya mama aliyepanga foleni leo na jerikani zake mbili? Sioni mstari wa Maandiko unaolimaliza swali hili haraka.

Lakini barua ya Yeremia haikutaja muda wa aina moja. Bustani ni ya msimu, nyumba ni ya miaka, wajukuu ni wa kizazi. Mtambo wa maji ni hivyohivyo. Pampu itachoka mapema, tangi la pili unaweza kuliongeza baadaye, bali mtaro ukishaufukia hutaki kuufukua tena. Na sehemu kubwa ya gharama iko kwenye kuchimba, ambako bomba jembamba na nene yanalingana karibu sawa. Kipenyo ukikiongeza mara mbili kwa mteremko uleule, maji yanayopita yanaongezeka kama mara sita. Hapo anayechagua bomba la miaka miwili hamhurumii mama wa foleni. Anamchimbia mtaro mara mbili.

Halafu kuna wenyeji. Mto Rwizi unaopita Mbarara unapeleka maji yake, na uchafu wa mji pamoja nayo, hadi kwenye maziwa na vinamasi vya Mburo na Nakivale, vilivyomo kwenye orodha ya Ramsar ya ardhioevu muhimu duniani tangu 2006. Amani ya mji, kwetu, inapimwa kwenye zile bika sita. Nami bomba langu nimelipitisha kwenye vitongoji viwili vya wenyeji, ambao hakuna anayewauliza watakaa miaka mingapi.

Chumba nimepanga Masha, njiani kati ya Mbarara na Nakivale; kodi ni nafuu kuliko mjini, na nikitaka kwenda kwa mama nimeshaianza safari. Jioni natengeneza redio na ampli za kwaya, kazi ninayoipenda kuliko hesabu. Wanakwaya nao wana n yao: "Tengeneza ifike Pasaka tu."

Mradi nimeurudisha wiki iliyopita: mabomba ya miaka 20, pampu ya miaka 10, tangi kwa awamu mbili. Msimamizi amezikubali namba, akaandika pembeni swali jingine: shabu ya mwaka wa sita atailipia nani, wafadhili wakiondoka? Rasimu yangu ilikuwa imempa mfadhili gharama zote za uendeshaji, kwa muda usiotajwa.