Ndege ya Vita: Ing'arishwe au Iachwe na Majeraha Yake?

Mwaka 1942, wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ndege mbili za jeshi la Uingereza zilianguka mbali na kwao. Ya kwanza, aina ya Halifax, ilipigwa mwezi Aprili ilipokwenda kuishambulia manowari ya Kijerumani Tirpitz huko Norway. Ilitua juu ya barafu ya ziwa Hoklingen, kisha ikazama. Ya pili, Kittyhawk ya rubani Dennis Copping, ilianguka katika jangwa la Misri mwezi Juni. Halifax ilitolewa ziwani mwaka 1973. Kittyhawk ilionekana tena mwaka 2012, parachuti ikiwa karibu nayo, lakini rubani hakurudi kwao.

Leo Halifax iko katika makumbusho ya Hendon, London, ikiwa karibu kama ilivyotoka majini: imeliwa na kutu, mbavu ziko nje. Kittyhawk iko El Alamein, nayo imepakwa rangi mpya. Alama za miaka 70 ya jua na mchanga hazionekani tena. Ipi imetunzwa vizuri?

Huenda msomaji akauliza, haya yanatuhusu nini sisi Waislamu? Yanatuhusu kwa sababu ni suala la ushahidi, na Sura al-Baqara inatukataza kuuficha. Kitu cha kale ni shahidi asiye na ulimi. Anayekihifadhi huzuia kisiharibike zaidi. Anayekikarabati hukirudisha katika sura ya zamani aliyoichagua yeye, na hapo huanza kusema kwa niaba ya shahidi.

Wanazuoni wa hadithi walilijua tatizo hili. Riwaya ambayo maneno ya mpokezi yamechanganyika ndani yake na maneno ya Mtume (s.a.w.) waliiita mudraj, na al-Khatib al-Baghdadi aliitungia kitabu. Mfano maarufu ni maneno ya Abu Hurayra (r.a.) ya kuhimiza kukamilisha udhu, ambayo baadhi ya wapokezi waliyaunganisha na onyo la Mtume kuhusu visigino visivyooshwa. Maneno yenyewe ni ya kweli na ni mazuri. Hata hivyo wanazuoni waliyatenganisha, ili kila neno lirudi kwa mwenyewe.

Kwa kipimo hicho, rangi mpya si kosa kwa kuwa ni mpya. Kosa ni mgeni kutoweza kujua ni kipi cha mwaka 1942 na ni kipi cha fundi wa jana.

Wapo wanaojibu kwamba kuacha nako ni kuharibu, na wana hoja. Chuma kilichokaa majini huendelea kuoza hata kikiwa ndani ya jengo, na mtoto anayeona lundo la vyuma hatajua kwamba liliwahi kuruka. Kwa hiyo ukarabati una nafasi yake, kwa sharti kwamba sehemu mpya zitambulike, ziweze kuondolewa, na zisifute jeraha.

Mtihani mgumu zaidi ni Enola Gay, ndege iliyodondosha bomu la atomiki Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945. Taasisi ya Smithsonian ya Marekani ilianza kuikarabati mwaka 1984, na tangu 2003 inaonyeshwa nzima, iking'aa. Maonyesho yaliyokusudia kueleza pia mateso ya watu wa Hiroshima yalifutwa mwaka 1995, baada ya askari wa zamani kulalamika kwamba yanawavunjia heshima. Mwaka huohuo sehemu ya mbele ya ndege ilionyeshwa bila maelezo yale. Uchungu wa askari wale haupaswi kudharauliwa. Lakini kama kuongeza bila kubainisha ni kasoro, kupunguza nako ni kasoro. Chuma kiling'arishwa, na upande mmoja wa habari ukapunguzwa.

Sura Yunus inatueleza kwamba mwili wa Firauni uliokolewa uwe ishara kwa watakaokuja baada yake. Kilichobakizwa ni mwili, si enzi wala fahari ya jeshi lake. Silaha inayong'aa humfanya kijana aitamani. Silaha yenye majeraha humfanya aulize nani alikuwa ndani yake, na nani alikuwa chini yake.

Basi makumbusho yahifadhi kwanza, na yakikarabati, yabainishe. Wallahu a'lam.