Kuwachagulia Watoto Kwao

Mtu wa pwani akikutana na mgeni humwuliza maswali mawili, na wala hayachanganyi. La kwanza, "Unakaa wapi?" La pili, "Kwenu wapi?" La kwanza hujibiwa kwa jina la mtaa na kituo cha basi. La pili hujibiwa kwa jina la mahali alipozikwa babu, hata kama mwenye kujibu hajafika huko kwa miaka ishirini. Mtu mzima anaweza kuhama mara kumi, akabadili jibu la swali la kwanza mara kumi, na la pili likabaki palepale. Mtoto wa miaka minne hana kinga hiyo. Akihamishwa, majibu yote mawili huhama naye, na waliomhamisha ni baba na mama, ambao hawakumwuliza, na hata wangemwuliza asingekuwa na la kujibu.

Je, mzazi ana haki gani ya kumchagulia mwanadamu mwingine kwao? Aghalabu hatulioni hilo kuwa swali la maadili. Twaliona kuwa ni hesabu tu: kodi ya nyumba, nauli, ada ya shule, umbali wa zahanati, maji. Mimi siibezi hesabu hiyo, kwani mtoto hali falsafa. Anayefuata barabara ya Bagamoyo kutoka Mwenge kwenda kaskazini atapita Tegeta, Boko na Bunju, kisha ataingia Mkoa wa Pwani na kukuta Mapinga, Kerege, Zinga na Kiromo. Kwa kadiri anavyosonga mbele bei ya kiwanja hupungua na saa za kukaa ndani ya daladala huongezeka. Familia nyingi changa zilizohamia Dar es Salaam kutoka miji mingine zimesimama mahali fulani katika mstari huo zikijiuliza ziishie wapi. (Maji nayo husafiri kinyume chao: mtambo wa Ruvu Chini uko Wilaya ya Bagamoyo, na maji yake hupita ndani ya mabomba kwenda kuunywesha mji mkubwa.)

Nchi yetu ina uzoefu mkubwa wa uhamisho ulioamuliwa kwa niaba ya wengine. Bagamoyo yenyewe ilikuwa makao makuu ya utawala wa Wajerumani hadi mwaka 1891, walipoyahamishia Dar es Salaam. Reli ya Kati ilipoanza kujengwa mwaka 1905 ilianzia huko, nayo misafara ya wapagazi iliyoulisha mji huu ikafifia. Lakini ninalolifikiria zaidi ni lile la mwaka 1973. Mwezi Novemba mwaka huo Mwalimu Nyerere alitangaza kwamba kuishi katika vijiji sasa ni amri, na katika miaka michache iliyofuata mamilioni ya watu walihamishwa kutoka katika mashamba yao yaliyotawanyika.

Waliopanga vijiji walisema kwamba watu wakikaa pamoja watapata shule, zahanati na maji ya bomba. Hawakuwa waongo, na mahali pengi shule zilijengwa kweli. Lakini mtu aliyeuliza juu ya miembe yake na makaburi ya wazee wake alihesabiwa kuwa mkaidi asiyejua faida yake mwenyewe. Sasa, msomaji wangu, hebu tusikilize maneno ya mzazi anayehamisha watoto: huko kuna shule nzuri, kuna hospitali, mtazoea, ni kwa faida yenu. Ni maneno yaleyale. Kwa nini basi tumlaumu mmoja na tumsifu mwingine?

Jibu la haraka ni kwamba wale walikuwa watu wazima na hawa ni watoto. Ni jibu sahihi, ila halitoshi, maana hata mtoto ana mambo yake anayoyapoteza, rafiki wa jirani, lugha ya mtaani, mti anaoujua kuupanda. Naona tofauti kubwa iko kwingine. Afisa aliyekuja na orodha ya kaya za kuhamishwa alirudi mjini jioni. Hakulala chini ya paa alilowaamuru wenzake walijenge. Mzazi, akiwa mzazi kweli, anahama pamoja na wale anaowahamisha, na uamuzi unamfunga yeye kama unavyowafunga wao. Haki yake ya kuwachagulia haitoki katika ujuzi wake wa mambo, maana mara nyingi hajui zaidi ya dalali alivyomwambia. Inatoka katika kule kukubali kukaa nao mahali hapo alipopachagua.

Nililiona jambo hili mwaka 2013, tulipohamia pwani kutoka Mwanza, safari ya zaidi ya kilometa 1,000, tukiwa na mtoto wa miaka mitano na mwingine anayenyonya. Kazi yangu ilikuwa katikati ya jiji la Dar es Salaam. Mke wangu, ambaye ni mwalimu, alikuwa amepata shule Bagamoyo. Kwa mshahara wangu nilikuwa na njia mbili. Ya kwanza, vyumba viwili vya kupanga Mwananyamala, choo cha kuchangia na wapangaji wengine, na mke asafiri. Ya pili, kiwanja Kerege, nusu ya njia, nijenge pole pole nyumba yenye uwanja, na mimi nisafiri. Nilimchorea mke wangu ramani ya nyumba hiyo kwenye daftari. Aliitazama kwa muda, kisha akaniuliza, "Baba, katika nyumba hii tutaishi wote, au sisi tutakulindia?"

Nilipopiga hesabu ya saa badala ya shilingi, nikamwelewa. Ningetoka saa kumi na nusu alfajiri ili kuikwepa foleni ya Tegeta, na kurudi saa mbili usiku au zaidi. Watoto wangeniona Jumapili. Baba wa namna hiyo anafanana sana na yule afisa wa orodha. Amewapa wenzake mahali, na yeye mwenyewe hayupo. Nawafahamu watumishi waliopitia hali kama hiyo baada ya Rais Magufuli, mwaka 2016, kuutia nguvu uamuzi wa kuhamia Dodoma, ambao nao ulipitishwa mwaka uleule wa 1973. Waliacha familia Dar es Salaam ili watoto wasikatishwe masomo, wakawa wanapanda basi Ijumaa jioni na kurudi Jumapili usiku. Siwahukumu. Wengine hawakupewa njia mbili.

Lakini kiwanja cha Kerege kilikuwa na upande mwingine. Mwenyewe alikuwa mzee mmoja mwenye minazi na mikorosho michache, anayekaa na wajukuu. Tulimwamkia, akaitikia, "Marahaba wanangu, karibuni," akatukatia madafu kabla hatujataja bei. Nilimwuliza akishauza atahamia wapi. Akaonyesha kwa mkono upande wa magharibi, mbali na bahari, akasema, "Ndani huko, mwanangu. Nitapata pengine." Mjukuu wake mmoja alikuwa amerudi shule wakati ule, sare bado mwilini. Basi nikatambua kwamba katika biashara ile familia zilizohama zilikuwa mbili, na kwamba yule mtoto naye alikuwa anachaguliwa kwao kupya, na mimi nikiwa miongoni mwa wachaguaji.

Hakudhulumiwa mtu. Bei ilikuwa ya kukubaliana na mwenyekiti wa kitongoji angekuwa shahidi. Tena mwaka ule bei zilikuwa zinapanda, kwa sababu Tanzania na China zilikuwa zimetia saini makubaliano ya kujenga bandari kubwa Bagamoyo, na kila mtu aliona meli machoni. Oktoba 2015 Rais Kikwete aliweka jiwe la msingi. Mwaka 2019 Rais Magufuli akasema hadharani kuwa masharti ya mradi ule hayakubaliki. Wakati huo wengi waliouza walikwisha kwenda zao. Hatukununua, na kutonunua kwetu hakukumfaa mzee kitu, maana mwezi huohuo alipatikana mteja mwingine. Nalitaja kwa sababu tumezoea kusema kwamba mahali pa kuishi ni shauri la ndani ya familia. Sivyo kabisa.

Niliomba nafasi ya chini kidogo katika ofisi iliyoko Bagamoyo, tukapanga nyumba mjini, upande wa Magomeni ya huku. Posho zikapungua, na ada ya mtoto wa pili ilitutoa jasho.

Wavuvi wa pwani hii wana neno dago, yaani kambi ya msimu. Mvuvi aliye dagoni hula, hulala, hufanya kazi kwa bidii na hudumisha amani na jirani, lakini hapandi mnazi. Mnazi mrefu wa kwetu huku hauzai kabla ya miaka sita au saba, na yeye atakuwa ameondoka. Wageni wengi tuliojaa kando ya barabara ya Bagamoyo tumejenga nyumba za matofali, ila tunaishi dagoni. Ukuta umepanda, geti limefungwa, msiba wa jirani tunausikia kwa kipaza sauti cha msikiti, hatwendi. Mtu mzima ana uhuru wa kuishi hivyo. Ubaya ni kwamba ndani ya ukuta ule kuna mtoto ambaye hana pengine, ambaye kwake hiyo dago ndiyo dunia yote. Baba ana Mwanza ya kurudi moyoni. Mtoto hana.

Mdogo wetu alipofika miaka saba tulimpeleka likizo kwa bibi yake Mwanza. Jirani mmoja akamwuliza, kama wanavyouliza watu wazima, "Wewe kwenu wapi?" Akajibu bila kufikiri kwamba kwao ni Bagamoyo. Bibi alikuwa anapara samaki. Kisu kikasimama kidogo, kisha akamwuliza kama huko kwao sato wanapatikana.