Mwenye Ndege ni Nani?

Kijana mmoja wa Itumba, wilayani Ileje, anayesomea ufundi wa mitambo, ametuuliza kama Mkristo aweza kuajiriwa katika kiwanda cha ndege za vita bila kuitia roho yake hatarini. Swali ni zito, nasi twalipokea kwa uzito wake.

Tutazame kiwanda cha namna hiyo kilichoko Fort Worth, katika jimbo la Texas, Marekani. Kiwanda Namba 4 ni mali ya Jeshi la Anga la nchi ile, lakini waendeshaji wake ni kampuni binafsi. Wakati wa Vita Kuu ya Pili zilitoka humo ndege zaidi ya 3,000 za B-24, za kudondosha mabomu. Leo kampuni ya Lockheed Martin yaunda humo ndege za F-35. Watu wa Ileje hawatashangaa: wanaujua mgodi wa makaa ya mawe wa Kiwira, mali ya umma iliyokabidhiwa kampuni binafsi mwaka 2005, kisha ikarudi mikononi mwa serikali.

Lakini makaa hupika chakula; bomu halipiki kitu. Basi ni nani atakayejibu mbele ya Mungu? Serikali yaweza kusema kwamba ndege huundwa na kampuni. Kampuni yaweza kusema kwamba yatimiza mkataba. Fundi naye atasema, "Mimi nakaza skrubu tu." Kazi imegawanywa hata dhambi, ikiwapo, haioni mahali pa kuketi. Pilato naye hakukosa maji ya kunawa.

Katika seminari kuu tulifundishwa kupambanua kati ya mtu anayeutaka ubaya na yule ambaye kazi ya mikono yake yautumikia ubaya asioutaka. Mafundisho hayo ni ya kweli, ingawa twakiri kwamba wengi hujificha ndani yake. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mwaka 1965, ulikubali haki ya taifa kujilinda; papo hapo ulilaani kuangamiza miji mizima pamoja na wakazi wake, ukasema kwamba mashindano ya silaha yanawadhulumu maskini. Kwa hiyo hatuthubutu kumhukumu kila fundi. Mzigo mkubwa twauona kwa wale wanaojua ndege zaenda wapi, na zaidi kwa yule ambaye faida yake huongezeka kadiri zinavyoagizwa. Rais Eisenhower, aliyekuwa jenerali, aliwaonya wananchi wake juu ya nguvu ya muungano huo tarehe 17 Januari 1961.

Tena, kemikali ya kusafishia grisi kwenye vyuma iliingia katika maji yaliyo chini ya ardhi ya kiwanda kile, na mwaka 1990 kikaandikwa miongoni mwa mahali pa hatari panapopasa kusafishwa. Msimamizi wa usafishaji ni Jeshi la Anga, yaani fedha ya wananchi. Faida ilikwisha kwenda kwingine.

Kijana wetu tumemjibu hivi: kabla ya kutia sahihi, aulize ndege zauzwa kwa nani, na kama fundi aweza kukataa kazi fulani asifukuzwe. Akiambiwa kwamba hayo hayamhusu, atuandikie tena.