Mwanamitindo Mbele ya Zidaka

Katika nyumba za mawe za mji wa Lamu, ambazo nyingi ni za karne ya 18, uzuri mkubwa umewekwa pale ambapo mgeni hafiki. Mtu hupita daka la mlangoni, kisha kiwanda, yaani ua usio na paa, kisha misana miwili, yaani vyumba virefu na vyembamba kwa sababu boriti za mikoko hazivuki mbali, ndipo afike ndani, chumba cha bibi mwenye nyumba. Humo ukuta umejaa zidaka, yaani vishubaka vya ukutani, safu juu ya safu, za chokaa ya matumbawe iliyonakshiwa majani na mistari inayofumana, na ndani yake zilipangwa sahani za kaure kutoka China. Wapiga picha za mitindo huutamani sana ukuta huo. Mwanamitindo akisimama mbele yake linazuka swali: je, uzuri uliositiriwa waweza kuonyeshwa kila jicho bila kudhulumiwa?

Nakshi zenyewe hazina sura ya mtu wala mnyama. Hadithi za Mtume zilizomo katika vitabu vya Bukhari na Muslim huwakemea vikali watengenezaji wa sura za viumbe wenye roho, na mafundi wa pwani walilizingatia hilo. Kamera ilipoingia, wanazuoni waligawanyika. Sheikh Muhammad Bakhit al-Muti'i, aliyekuwa Mufti wa Misri, aliihalalisha picha ya kamera kwa hoja kwamba mpiga picha haumbi kitu, bali huzuia kivuli cha kile ambacho Mungu amekwisha kukiumba. Sheikh Ibn Baz wa Saudi Arabia aliikataza isipokuwa kwa dharura. Kuhusu utengenezaji wa sura, hoja ya al-Muti'i ina nguvu zaidi. Lakini inajibu swali la mkono tu. La jicho inaliacha.

Na chumba hiki ni cha jicho hasa. Si kweli kwamba uzuri wa humo haukukusudiwa kutazamwa: bibi harusi alipambwa, akaketishwa, wanawake wakaja kumtazama kwa vifijo. Kilichokuwa na mpaka ni watazamaji. Walijulikana, walialikwa, nao walionekana na yule waliyemtazama. Kamera huuvunja mpaka huo, maana atakayeiona picha hajulikani na haonekani. Hapa ndipo uzito wa jambo ulipo, kuliko katika karatasi au kioo kinachobeba sura.

Upande wa falsafa, Immanuel Kant aliandika mwaka 1785 kwamba kitu kina bei, na kingine chaweza kushika nafasi yake, ilhali mtu ana hadhi isiyo na bei. Kwa hiyo asitumiwe kamwe kama chombo tu. Neno la mwisho hilo ndilo lenye uzito. Mwanamitindo aliyekubali na kulipwa anatumika, lakini hajawa chombo tu, hadi pale picha inapompanga kama kaure nyingine kidakani.

Jambo hilo huonekana katika mwanga wenyewe. Chumba cha ndani ni cha giza. Nuru hutoka kiwandani na kufika ikiwa imechoka. Nakshi za chokaa si za kina, na hujitokeza tu mwanga ukizipiga kwa ubavu. Mwanga ukitoka mbele, ukuta hulala bapa kama shuka. Anayeutengea ukuta mwanga huuacha uso wa mtu nusu gizani, na anayeumulika uso hufuta kazi ya fundi. Kwa kuiweka taa, mpiga picha ameshaamua nani ni pambo la nani.

Nyumba ikiwa na wenyewe, idhini ya mwanamitindo haitoshi. Ndani ni sitara ya ukoo, na mwanamume mwenye hati ya nyumba hawezi peke yake kuitoa sitara ambayo kwa desturi ni ya wanawake. Katika nyumba iliyogeuzwa makumbusho dai hilo hupungua, kwa kuwa chumba kimekwisha kufunguliwa kwa umma. Hapo haki inayobaki ni ya mwanamitindo mwenyewe: kuambiwa, kabla ya kusimama, picha itapelekwa wapi na kutumika kwa nini.