Raha ya Mkwaruzo

Nikiwa kijana hapa Voi, nilifunga waya wa shaba kutoka dirishani hadi juu ya mwembe, nikauunganisha na redio ya baba. Usiku masafa mafupi hufika mbali, maana mawimbi hupaa hadi tabaka la juu la anga, kisha hurudi chini. Nilizungusha kitufe polepole: mluzi, mkwaruzo, Kiarabu, halafu ghafla Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, kutoka Ujerumani. "Baba, nimeipata!" Naye huyo, na kiti chake.

Leo idhaa hiyohiyo naipata kwenye simu kwa kubonyeza tu, sauti safi kama ya jirani. Nasikiliza dakika mbili, nazima. Utamu umekwenda wapi?

Juzi nilimuuliza mzee kama hazikumbuki zile usiku zetu. Akaguna. "Januari 2008 matangazo ya moja kwa moja yamepigwa marufuku, kaka yako yuko Eldoret, na wewe unazungusha kitufe ukicheka. Mwanangu, mimi nilitaka habari. Mkwaruzo ulikuwa wako."

Nilinyamaza. Kumbe nilichokiita raha yetu, kwake kilikuwa mateso. Basi nina haki gani ya kutamani mambo yabaki magumu, ati nisikie utamu, na mwenzangu anangoja kujua kama mtoto wake yu hai?

Waya bado uko mwembeni. Siku nikitaka kutafuta, nitatafuta peke yangu. Simu ya mzee nimeshamjazia bando.