Jumanne: Neno "Korbani"

Soma Marko 7:9–13. Mwana anatamka neno gani mbele ya wazazi wake, na kwa neno hilo wazazi wanakosa nini?

Marko aliandika kwa Kiyunani, lakini hapa ameliacha neno la Kiebrania kama lilivyotamkwa, kisha akalifasiri. Katika Mambo ya Walawi, Hesabu na Ezekieli linaonekana karibu mara 80, na maana yake ni sadaka, kitu kinachosogezwa mbele za Mungu (Mambo ya Walawi 1:2). Mzizi wake ni kukaribia. Waarabu wanao mzizi huo huo, na kwao tumepata neno "karibu" tunalomwambia mgeni mlangoni.

Kufikia siku za Yesu neno hili lilikuwa pia tamko la nadhiri. Mwana akisema "korbani" juu ya shamba au fedha, baba na mama hawakuweza kunufaika nayo tena. Wala haikuwa lazima mali hiyo ipelekwe hekaluni. Iliweza kubaki mikononi mwake yeye mwenyewe. Neno la kukaribia likatumika kumfungia mzazi mlango.

Katika Mathayo 27:6 umbo la Kiyunani la neno hilo ni hazina ya hekalu. Makuhani waliogopa kuitia humo fedha ya damu, ingawa kuitoa hawakuogopa.

Mwaka mmoja niliahidi mabati kwa ujenzi wa kanisa letu. Kabla sijamaliza kulipa, baba alinipigia simu kwamba jiko lao linavuja na mama anapikia kwenye kibaraza. Nilimjibu, "Mzee, fedha niliyo nayo sasa ni ya Bwana." Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mwanangu." Siku hiyo nilijiona mwaminifu. Miaka kadhaa baadaye, nikiandaa somo la Marko 7, ndipo nilipoisikia tena sauti yake.

Zaka ni ya Bwana, na hilo halibadiliki (Mambo ya Walawi 27:30). Lakini aliyeamuru zaka ndiye aliyeamuru pia baba na mama waheshimiwe (Kutoka 20:12), na Yesu hakukubali amri moja itumiwe kuikwepa nyingine.

Swali la kujadili: Soma tena Marko 7:12. Je, lawama ya Yesu ni kwa mwana peke yake, au ni kwa waalimu pia, ambao hawakumruhusu kurudi nyuma? Sisi tunaoandika majina ya watoa ahadi tumewahi kuwauliza hali ya wazazi wao?